"Iko kwenye tovuti" si jibu

Wasomaji wangu, leo nina ugomvi, na nitautaja bila kuzungukazunguka. Nina ugomvi na sentensi ya maneno matatu: "Iko kwenye tovuti." Ukiuliza fomu ya basari, iko kwenye tovuti. Ukiuliza makadirio ya bajeti ya kaunti, yako kwenye tovuti. Ukiuliza tangazo la zabuni iliyofungwa jana, lilikuwa kwenye tovuti, wewe ulikuwa wapi? Anayejibu hivyo mara nyingi hadanganyi. Faili kweli imepakiwa. Imo ndani ya seva fulani, katika folda fulani, kwa jina ambalo hata aliyeipakia hatalikumbuka kesho. Ninachokikataa ni ile dhana kwamba kazi imeishia hapo.

Msimamo wangu ni huu: waraka wa umma ambao mwananchi hawezi kuupata kwa kuandika maneno yake mwenyewe kwenye injini ya utafutaji haujachapishwa. Umewekwa stoo. Na lawama siiweki kwa karani anayepakia. Naiweka kwa watu wa fani yangu, wanaojenga tovuti hizi, wanalipwa, wanapiga picha ya uzinduzi na kuondoka.

Kabla hujaniambia kwamba haya ni mambo madogo ya mafundi, fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 35. Kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Kisha kifungu kidogo cha tatu kinaiagiza Serikali ifanye mambo mawili kuhusu habari muhimu zinazoligusa taifa: izichapishe na izitangaze. Vitenzi viwili! Aliyeandika angekuwa ametosheka na kuchapisha, angeweka nukta hapo. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ikaja ikaongeza kwamba habari hizo zitolewe kwa kuzingatia watu wenye ulemavu, gharama, lugha ya wenyeji na njia inayowafikia vizuri zaidi. Sheria hiyohiyo inakuruhusu kuandika barua ya kuomba habari, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Sasa fikiria umeandika barua, umengoja siku 21, halafu unajibiwa kwamba faili iko kwenye tovuti tangu mwaka juzi. Hapo nani kamsumbua mwenzake?

Tufuate waraka mmoja tuone unavyopotea, kwa sababu haupotei kwa bahati mbaya. Unapotezwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina mtu anayeona anafanya kazi yake vizuri.

Asubuhi karani anaandika kwenye Word. Wakati huo waraka ni maandishi hai: kila herufi ni herufi, kompyuta inaijua, unaweza kuitafuta, kuinakili, hata kuisomesha kwa sauti. Saa nne unachapwa kwenye karatasi ili mkubwa atie sahihi. Saa sita unagongwa muhuri. Saa nane unawekwa kwenye mashine ya kuskani, na hapo ndipo unapokufa. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa kila inchi unakuwa picha ya pikseli 2480 kwa 3508, yaani karibu pikseli milioni 8.7. Wewe unaona barua. Kompyuta inaona madoa meusi na meupe. Ukurasa huohuo asubuhi ulikuwa na herufi kama elfu tatu, ambazo zenyewe ni kilobaiti tatu hivi. Kwa hiyo tumechukua kitu chepesi kinachosomeka, tukakifanya kizito kisichosomeka, kisha tukamwambia mwananchi mwenye bando la shilingi ishirini akipakue.

Jaribio la kujua kama waraka umekufa ni rahisi na halihitaji digrii. Ufungue, bonyeza Ctrl na F, andika neno unaloliona kwa macho yako pale pale kwenye ukurasa wa kwanza. Ukiambiwa halipo, hiyo ni picha. Na kisoma skrini cha mtu asiyeona kikifika hapo kinanyamaza vilevile. Msomaji asiyeona na roboti ya Google wanahitaji kitu kimoja: maandishi. Ukimfungia mmoja umewafungia wote wawili, na mmoja wao ana haki zake mbele ya sheria.

Najua wapo watakaoniambia, "Lakini Google siku hizi inasoma picha." Ni kweli. Google ilianza kuziingiza PDF kwenye faharasa yake mwaka 2001, na Oktoba 2008 ikatangaza kwamba inajaribu kuzitambua herufi hata kwenye nyaraka zilizoskaniwa. Tangu hapo teknolojia hiyo imekua sana. Lakini kutambua ni kubahatisha. Fotokopi ya fotokopi, ukurasa uliolala upande, muhuri wa zambarau uliogongwa juu ya tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, jedwali la bajeti lisilo na mistari: hapo mashine inaweza kusoma 8 mahali pa 3, au isisome kitu. Na hata ikisoma sawasawa, swali langu linabaki. Kwa nini tuiombe kompyuta iliyo ng'ambo ibahatishe maneno ambayo karani wetu alikuwa nayo kwenye Word asubuhi ileile?

Haya, waraka umeskaniwa. Sasa unapewa jina, au tuseme haupewi. Unapakiwa na jina uliloachiwa na mashine: scan0012.pdf, au CamScanner na tarehe, au "FINAL FINAL iliyorekebishwa (2).pdf". Ndani ya PDF kuna sehemu ya metadata, na humo mna nafasi ya kichwa. Waraka uliotoka Word kwa njia ya kuuchapa hadi PDF mara nyingi hubeba kichwa "Microsoft Word - Document1", na hakuna anayekigusa. Mwaka 2011 Google ilieleza waziwazi kwamba kichwa kinachoonekana kwenye matokeo, waraka unapokuwa PDF, hutokana hasa na vitu viwili: kichwa kilicho kwenye metadata, na maneno ya viungo vinavyoelekea kwenye faili hiyo. Sasa nenda kwenye ukurasa wa "Vipakuliwa" wa tovuti yoyote ya ofisi ya umma uone maneno ya viungo. Pakua. Pakua. Pakua. Bofya hapa. Pakua. Viungo arobaini, neno moja. Roboti inaambiwa kwamba faili hizi arobaini zote zinaitwa Pakua. Mtu akitafuta "pakua" atazipata, hongera.

Kuna jambo baya kuliko hilo, na hili hufanywa na watengenezaji wanaopenda urembo. Badala ya kiungo cha kawaida cha HTML chenye anwani ndani yake, wanaweka kitufe kinachoendeshwa na JavaScript: chagua mwaka, chagua idara, chagua aina, bonyeza, subiri kiduara kizunguke, ndipo faili ije. Kwenye maonyesho mbele ya mkurugenzi kinapendeza mno. Lakini roboti haijazi fomu yako wala haisubiri kiduara chako. Inafuata viungo vyenye anwani. Kama hakuna ukurasa wowote wenye kiungo wazi kuelekea kwenye waraka, na waraka haumo kwenye ramani ya tovuti, basi kwa roboti waraka huo haupo duniani.

Halafu kuna kile kisanduku. Wenzangu wa WordPress mnakijua: katika mipangilio ya usomaji kuna kisanduku cha kuziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Kinatiwa alama wakati tovuti inajengwa, ili kazi isiyokwisha isionekane, na ni jambo la busara. Kisha tovuti inazinduliwa, keki inakatwa, na alama inabaki. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambayo ilikaa hivyo miezi kadhaa huku ikilalamika kwamba watu hawatembelei tovuti yake. Kutoa ile alama ni kazi ya sekunde tano.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, na nimeusikia msemo huu ukitumiwa kwenye mkutano kupinga bajeti ya kazi hii: kwamba waraka ukiwa wa maana watu wataufikia tu. Mimi nawakumbusha kwamba wahenga haohao walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Unachokiona kwenye ukurasa wa kwanza wa Google hakikuja hapo chenyewe.

Na hapa ndipo ubaya wenyewe ulipo, maana nafasi usiyoikalia haibaki tupu. Tangazo la kazi la ofisi ya umma likiwa ni picha yenye jina scan0012, kuna mtu amelisoma, amelipiga chapa upya kwenye ukurasa wake wenye kichwa kizuri na matangazo ya biashara pembeni, na huyo ndiye atakayepatikana. Kama ni mwaminifu, shukuru. Kama si mwaminifu, ameongeza nambari ya simu na "ada ya usajili" kwa M-Pesa. Mtafutaji atajuaje? Tangazo la kweli hakuliona ili alilinganishe. Kila msimu taasisi hutoa onyo kuhusu barua feki na matangazo feki, na onyo lenyewe, usicheke, linatolewa kwa picha iliyoskaniwa.

Hoja ya muhuri naijua pia. "Tukiweka maandishi hai, watu watayabadilisha." Ndugu yangu, picha nayo hubadilishwa, tena na kijana yeyote wa saiba, kabla chai haijapoa. Muhuri wa wino uliopigwa picha haulindi chochote. Kama unataka ulinzi, kuna sahihi ya kidijitali, na kuna ulinzi mwingine wa bei rahisi kuliko huo: waraka halisi upatikane kwa urahisi kwenye anwani rasmi, ili kila mwenye shaka alinganishe mwenyewe. Na kama ofisi haiwezi kulala bila muhuri, basi iweke zote mbili, nakala yenye muhuri kwa ajili ya kumbukumbu na ya maandishi kwa ajili ya kusomwa. Hakuna sheria iliyosema moja iifukuze nyingine.

"Wakenya hawasomi." Hoja hii ilistahili kuzikwa mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulisambazwa kwenye simu kama PDF, watu wakaujadili kifungu kwa kifungu, wengine wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, hata wakatokea watengenezaji waliouingiza kwenye programu za akili bandia ili mtu aulize swali na kujibiwa. Bunge liliupitisha Juni 25, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi. Lolote uwazalo kuhusu siasa zake, usiniambie tena kwamba watu hawasomi nyaraka. Na ule mswada ulikuwa na maandishi. Ungekuwa picha, zile programu zingeanza na kazi ya kubahatisha herufi.

Sasa lugha, na hapa nitakaa kidogo. Mzazi anaandika kwenye simu yake: "fomu ya basari ya wadi 2025". Waraka wenyewe umeandikwa kwa Kiingereza chote, hauna neno basari, hauna neno fomu, hauna neno wadi. Injini inaweza kujaribu kufasiri, siku hizi zinajaribu, lakini kati ya waraka usio na neno lake hata moja na ukurasa wa tapeli wenye maneno yake yote, unadhani utatangulia upi? Katiba, Kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sidai kila waraka wa kurasa mia tatu utafsiriwe kesho. Nadai kitu kidogo sana: kila waraka uwe na ukurasa wake mdogo wa HTML, wenye kichwa kinachoeleweka na aya moja ya Kiswahili inayosema huu ni waraka gani, wa mwaka gani, unamhusu nani, mwisho wa kutuma ni lini, na faili ina uzito gani. Chini yake kiungo chenye jina kamili la waraka. Basi. Aya ya maneno sitini. Karani yuleyule ataiandika kwa dakika kumi, na kwa Kiswahili bora kuliko changu. Aya hiyo ndiyo itakayopatikana, na itamfaa hata ambaye hana bando la kupakua faili nzima, maana pengine alitaka tarehe tu.

Nisieleweke kwamba kila faili inapaswa kupatikana. Orodha za waliochaguliwa kwenye usaili, zenye majina kamili na nambari za vitambulisho, zimo mitandaoni tele, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo. Lakini wengi hudhani dawa yake ni robots.txt. Siyo! Faili ya robots.txt, desturi iliyoanza mwaka 1994, ni ombi kwa roboti zenye adabu, na yeyote anaweza kuifungua aone ni folda gani umekataza. Ni kama kubandika mlangoni karatasi inayosema pesa zimo chini ya godoro. Cha siri kisipakiwe. Na kwa kuogopa hicho cha siri, usizuie folda nzima ya faili za umma, kama wanavyofanya wengine.

Mtu ataniuliza, je, kuna anayefanya vizuri hapa kwetu? Yupo. Tazama Kenya Law, ambako sheria zetu huchapishwa. Katiba pale inasomeka kama ukurasa wa kawaida wa wavuti, kifungu kwa kifungu, na anwani yake ina kipande hiki: /akn/ke/act/2010/constitution. Nchi, aina ya waraka, mwaka, jina. Hizo herufi akn ni Akoma Ntoso, kiwango cha kuandika nyaraka za kisheria kilichoanza kama mradi wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, na ambacho mwaka 2018 kilipitishwa na OASIS kuwa kiwango cha kimataifa. Jina ni la Kiakan, lugha ya Ghana, maana yake mioyo iliyounganishwa. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba mambo haya ni ya Ulaya. Dunia iliyachukua kutoka mradi wa Afrika.

Anwani ya namna hiyo ina faida nyingine: haihitaji kubadilika. Tim Berners-Lee aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri za wavuti hazibadiliki. Kwetu, anakuja kiongozi mpya, anakuja mkandarasi mpya, tovuti inajengwa upya kuanzia sifuri, na viungo vyote vya miaka mitano vinakatika kwa usiku mmoja. Mpango wa maendeleo wa kaunti ni wa miaka mitano. Unapotaka kuangalia kama kile kisima kilichoahidiwa kilikuwemo, unakutana na 404. Mistari michache ya kuelekeza anwani ya zamani kwenye mpya, ile inayoitwa 301, ingetosha. Haiwekwi, kwa sababu mkandarasi hakuambiwa aiweke, na sifa zote ambazo ile anwani ilikuwa imejijengea mbele ya injini za utafutaji zinamwagika.

Na gharama? Kwa nyaraka zilizokwisha kuskaniwa, tumia Tesseract. Ni programu iliyozaliwa Hewlett-Packard miaka ya 1980, ikafanywa huria mwaka 2005, na inakijua Kiswahili. OCRmyPDF huitumia kuweka tabaka la maandishi nyuma ya picha, bila kuugusa muhuri wenu mtukufu:

ocrmypdf -l eng+swa --title "Fomu ya Basari ya Wadi 2025/2026" scan0012.pdf fomu-ya-basari-ya-wadi-2025-2026.pdf

Mstari mmoja. Umeweka maandishi, umeweka kichwa, umeweka jina. Izungushie kitanzi cha msimbo, ielekeze kwenye folda yenye faili elfu mbili, uende ukalale. Bei yake ni umeme. Haitakuwa safi kama maandishi ya asili, nimekwisha kusema ni kubahatisha, lakini kwa nyaraka za zamani ambazo Word yake imepotea ndiyo njia iliyobaki. Kwa nyaraka mpya hakuna udhuru: hifadhi PDF moja kwa moja kutoka Word, jaza kichwa, pakia.

Ukitaka kujua hali ilivyo, usiniamini mimi. Andika kwenye Google site:go.ke filetype:pdf kisha ongeza neno moja, zabuni, basari, bajeti, lolote linalokuhusu. Hesabu ngapi zina vichwa vinavyoeleweka. Kisha badilisha go.ke uweke anwani ya kaunti yako.

Na nyinyi wenzangu mnaoomba kazi hizi, tatizo linaanzia kwenye karatasi ya zabuni. Nyaraka za zabuni za tovuti huorodhesha rangi, nembo, idadi ya kurasa, picha za kuteleza ukurasa wa mwanzo na mafunzo ya siku mbili. Ofisi ikikuuliza maoni, au ukiwa wewe ndiwe unayeziandaa, ongeza sharti hili: kabla ya malipo ya mwisho, mkaguzi atachagua nyaraka ishirini bila kumwambia mkandarasi, atazifungua na kujaribu Ctrl na F, kisha mwezi mmoja baada ya uzinduzi atatafuta kila moja kwenye injini ya utafutaji, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, akitumia simu ya kawaida. Zisipopatikana angalau kumi na tano, asilimia kumi ya malipo inazuiwa hadi zipatikane.